Majani Mekundu ya Mama Mkubwa

Asubuhi ile Mama alitoka na jembe dogo, akasema leo anaung'oa ule mti wa maua ya Krismasi ulioko nyuma ya nyumba.

"Krismasi zote hizi nausubiri. Dada hajanisamehe, basi."

Dada yake, mama yetu mkubwa, alifariki wakiwa hawasemeshani. Baada ya mazishi Mama alikata kijiti kwenye mti uliokuwa mlangoni kwa marehemu, mti ambao kila Desemba ulikuwa mwekundu kama kaa la moto, akaja kukipanda kwetu. Kilishika, kikakua hadi kumfika kifuani. Lakini hakikutoa hata jani moja jekundu, na Mama akalichukua hilo kuwa jibu. Nilimwambia kwamba marehemu hawatumi ujumbe kwa majani.

"Ng'oa," Baba alisema kutoka dirishani. "Utanizibia tangi langu."

Tangi hilo la maji alilileta mwezi wa kumi, akaliweka kati ya ukuta na mti. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa amepita nyuma yake.

Mama akalizunguka. Nikasikia jembe likianguka.

"Njooni! Njooni mwone!"

Upande tuliozoea kuuona ulikuwa kijani kama siku zote. Upande wa pili, uliofichwa na tangi, ulikuwa mwekundu. Si maua, majani yenyewe, mapana, mekundu hadi kwenye vikonyo. Nilijikuta nimevua kandambili, sijui kwa nini.

Baba, ambaye majirani humwita Mzee Taa kwa sababu ya taa anayoiwasha ukutani jioni hadi asubuhi kwa hofu ya wezi, aliitazama taa, akalitazama tangi, akainua mkono na kuchora mstari hewani kwa kidole. Wekundu ulianzia pale pale kilipoanzia kivuli cha tangi.

"Mama watoto," alisema polepole, "ni taa yangu. Upande huu wa kijani haujawahi kuona giza."

"Acha utani, mzee."

"Kwa dada yako kulikuwa na taa nje?"

"Dada? Na ubahili ule? Hata ya ndani aliizima mapema!" Mama akacheka. Kisha akashika jani moja, akalia. "Kwa hiyo si hasira zake. Dada yangu, si hasira zako."

Maisha yangu yote nimemwomba Mungu mwanga. Pale nilikosa la kuomba. Nilisimama miguu mitupu kwenye udongo, nikijua kwamba rangi ile ilitengenezwa gizani, bila sisi kuona, huku sisi tukiteka maji upande wa pili.

Jioni Baba alisogea kwenye swichi kama kawaida yake. Mama alimshika mkono.

"Na wezi je?" Baba aliuliza.

"Wakija, waambie wasiwashe tochi."