Kipimo Kilichokunywa Yerba

Setilaiti ilisema shamba la Don Eliseo limekauka. Don Eliseo alisema limekauka. Ng'ombe wake, ambao mbavu zao zilihesabika kutoka barabarani, walisema vivyo hivyo. Kipimo cha unyevu peke yake, ambacho Noelia wa ofisi ya ramani za ukame alikizika chini ya nguzo ya lango, kiling'ang'ania kwamba udongo ni chepechepe.

Na ndicho kilichoaminiwa. "Setilaiti iko kilomita mia sita juu," mkuu wake alimwambia kwa simu. "Kipimo kiko udongoni. Kesho tunairekebisha ramani ifuate kipimo."

Ramani ikisema kuna maji, wilaya haitangaziwi ukame, na malori ya nyasi za msaada hayaji. Noelia, aliyehitimu chuo miezi minne tu iliyopita, alikuwa ameshawaahidi watu nyasi hizo.

"Mwambie mkuu wako aje aulambe huu udongo," alisema Don Eliseo, ameketi langoni, chupa ya maji moto kwapani. "Na hayo mawimbi ya mikrowevu ya setilaiti yenu, si ndiyo ya kupashia viporo? Ndiyo maana tumeungua."

"Hayaunguzi, Don Eliseo. Yanagonga udongo, yanarudi, na yanavyorudi ndivyo tunavyojua kama una maji."

"Afadhali yao yanarudi. Mawingu yalikwenda Uruguai, yamelowea huko."

Akafyonza yerba yake, chai ya majani makali inywewayo kibuyuni kwa mrija, hadi mrija ukakoroma, akakigonga kibuyu kwenye nguzo ya lango, majani yakaanguka. Maji yaliyobaki kwenye chupa akayamwaga papo hapo. Noelia akalitazama lile rundo la majani ya kijani.

"Unamwaga hapo kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Kidude chenu kinashinda juani peke yake, binti. Nilikionea huruma."

Noelia hakujua acheke au alie. Akachukua sepetu, akakihamishia kipimo katikati ya shamba. Saa moja baadaye kilisoma asilimia sita, sawasawa na setilaiti. Akamtumia mkuu namba hizo pamoja na picha ya majani.

Mkuu akapiga simu. "Alitia sukari?"

"Hapana. Chungu."

"Basi mzee anaijua adabu ya yerba. Ramani ibaki ilivyo."

Ijumaa ramani ilitoka nyekundu, rangi ya ukame, wilaya nzima, na malori yakaagizwa. Don Eliseo alimpa Noelia kibuyu anywe, akatazama shambani kwa wasiwasi.

"Sasa kile kidude kitakunywa nini kule?"

"Mvua, Don Eliseo."

"Basi kijipange foleni, nyuma ya ng'ombe."