Nilingoja Mpaka Saa Tisa

Annegret mwanangu, wewe unaishi peke yako huko Leipzig, kwa hiyo soma hii mpaka mwisho.

Bi Ottilie unamjua, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nyumba zetu hizi za mbao na udongo zimeegemeana miaka mia tatu, lakini mimi na yeye tulikuwa hatusemezani tangu Pasaka. Nilimwambia asichanje kuni stoo ya chini mchana, watu wamepumzika. Akanijibu, "Watu gani? Mumeo kafa, mwanao kaondoka. Unaogopa nitamwamsha paka?" Neno lile lilinichoma, maana lilikuwa kweli.

Jumanne iliyopita, saa saba na nusu, nikasikia ko, ko, ko. Nawe unajua, toka saa saba hadi saa tisa mchana hapa kwetu hata mlango haubamizwi. Nikasema, haya, kaanza tena uchokozi wake. Nikakaa jikoni na kahawa yangu, macho kwenye saa. Sikutaka kwenda kugombana ndani ya saa za utulivu, nisije mimi nikawa mkosaji. Sauti ikawa inafifia. Saa nane na robo ikakoma. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Kengele ya kanisa ilipogonga saa tisa nikavaa koti, nikatoka, maneno nimeshayapanga.

Mlango wake ulikuwa wazi. Nilimkuta chini ya ngazi za stoo, mguu umepinda, viazi vimetawanyika sakafuni, mkononi kashika kiatu chake cha mbao.

"Bi Ottilie! Kwa nini hukupiga kelele?"

"Saa za utulivu," akasema, midomo imemgeuka buluu. "Nikagonga polepole tu. Nilijua unasikia, Roswitha. Wewe husikia kila kitu."

Nikamfunika koti langu. Gari la wagonjwa lilitoka mbali, kule ng'ambo ya mashamba ya viazisukari, likachelewa nyuma ya trekta. Baridi ya sakafu ilikuwa imeshamwingia mapafuni. Alikufa Ijumaa.

Wanawe wamefunga madirisha yote. Sasa kuna utulivu mchana kutwa, wala siwezi kulala.

Mwanangu, ukisikia mtu anagonga, nenda saa ileile, hata kama ni adui yako, hata kama una ndara miguuni. Na siku ukianguka wewe, piga kelele. Piga kelele hata kama ni saa saba mchana.