Kisu Kilichong'aa Mbavuni

Nyamizi alifika Geita na mtoto wake Limi mgongoni na kisu cha mumewe kiunoni. Makoye alikiacha nyumbani alipokwenda kuchimba dhahabu, akasema kibaki hapo mpaka arudi kukifuata. Hakurudi. Shimo lilimfunika masika yaliyopita, wenzake wakamzika huko huko. Sasa lilikuwa limebaki jambo moja: katika ukoo wao mwanamume hulazwa na kisu chake ubavuni, naye Makoye alikuwa amelala mikono mitupu.

Nyapara Pantaleo, aliyesimamia mazishi yale, aliitikia shikamoo yake, akamtania mtoto kwamba amekuja kuomba kazi, kisha akawapeleka nyuma ya kambi. Mvua ilikuwa imesawazisha makaburi yote, lakini yeye aliapa hawezi kupasahau alipolazwa Makoye. Mchimbaji huujua udongo alioushika. Akachimba taratibu, patoshe tu kupitisha mkono.

Jembe likagusa mfupa. Ulikuwa wa kahawia, ukamomonyoka kama mkaa. Kando yake kulikuwa na kisu cha jiwe, kimechongwa kwa subira mno.

Pantaleo akavua kofia. "Huyu si wetu, Mama Limi. Huyu ni wa kale, hata babu zetu hawamjui."

"Na Makoye yuko wapi?"

Nyapara akautazama uwanja mzima.

Nyamizi akaketi palepale, akalia mpaka Limi naye akaanza kulia. Alipotulia, alikiokota kile kisu cha jiwe akirudishe, kidole kikateleza. Makali yake yalikuwa mapya, kama hayajakata kitu. Ila mbavu zote mbili za kisu zilikuwa zimelainika, zinang'aa. Mng'ao ule aliujua. Akachomoa cha Makoye, akavilinganisha kiganjani; mbavu ziling'aa sawasawa. Jioni wakizungumza, Makoye alikuwa akikichomoa na kukirudisha kwenye ala, anachomoa, anarudisha, bila cha kukata, mpaka mkewe akamgombeza: utaitoboa hiyo ngozi wewe, na nani ataishona kama si mimi?

Kumbe huyu naye alikuwa na ala. Na yupo aliyeishona.

"Baba, nikimwachia huyu kisu cha Makoye, atamfikishia?"

Pantaleo alikohoa kidogo. "Wamelala udongo mmoja, mwanangu."

Nyamizi akavilaza visu vyote viwili ubavuni mwa yule mtu, akafukia kwa mikono yake. Ala tupu alibaki nayo. Njiani Limi aliishika, akaitia mdomoni, akaitafuna ngozi ile yenye jasho la baba yake. Mama yake hakumnyang'anya.