Silabi Zilizopigwa Marufuku

Bi Mahfudha aliingia darasani bila hodi, amemshika bintiye Hindu mkono. Mwalimu Jedida alikuwa akiwaonyesha watoto wa darasa la kwanza kadi yenye picha ya samaki na jina lake chini.

"Mwalimu, hebu mfunike samaki huyo."

Jedida akaiziba picha kwa kiganja. Hindu akalitazama neno, akamtazama mamake, akasema, "Mkate."

Wenziwe wakacheka. Mamake hakucheka. "Chuoni, kwenye Kurani, mwanangu asoma herufi kwa herufi, na irabu zake. Hapa kwenu asoma picha! Mwamfunza kubahatisha?"

Uso ulimwaka Jedida. Alijua mama huyo asema kweli. Miaka yote hapo Gongoni alifundisha ba, be, bi, bo, bu, na kufikia Pasaka watoto walisoma. Kisha mwalimu mkuu, Bwana Gerishom, akarudi kutoka semina Mombasa na boksi la kadi. Silabi, alisema, ni ukasuku. Mtoto alijue neno zima, kama anavyoujua uso wa mtu. Akaibandua chati ya silabi ukutani kwa mkono wake.

Jedida akaenda moja kwa moja ofisini kwa Gerishom, Mahfudha nyuma yake.

"Kadi zako zimewapotezea watoto nusu mwaka," alisema. "Kiswahili chaandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa nini wakariri neno mojamoja?"

"Mbinu hii imetungwa na watu waliosoma kukuzidi. Utaifuata, au utaliacha darasa."

"Basi njoo uwapime mwenyewe."

"Sina la kupima."

Hilo ndilo lililomchoma: hakutaka hata kuona. Jedida alirudi ubaoni akaandika silabi kwa nguvu hata chaki ikavunjika. Watoto wakazisoma kwa kelele. Gerishom alipotokea mlangoni na kumwamuru afute, alikataa.

Jumatatu akahamishiwa darasa la saba. Kadi zikaendelea. Lakini alasiri, watoto walipotoka chuoni, akina mama waliwapeleka nyumbani kwake. Kufikia Novemba, Hindu alikuwa akisoma hata maandishi ya magunia ya chumvi.

Siku ya wazazi, Gerishom alimsimamisha Hindu asome mbele ya wote, kisha akazisifu kadi zake.

"Muongo!" Bi Mahfudha alisimama. "Mwalimu wake ni yule pale!"

Akina mama wakafyonya. Gerishom akapaza sauti, akaendelea na hotuba. Jedida alikwenda mbele akalichukua boksi la kadi mezani, akalimwaga miguuni pa Gerishom.