Kila Aliporudi Kutoka Uzazi

Noela, ambaye kazini walimwita Mama Limi, alikuwa ametimiza miaka saba akiendesha karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya mji wa Geita. Aliijua kwa sauti tu. Ikianza kukwaruza, alishajua beringi gani imekauka.

Mwezi wa tatu akaletewa Enock, aliyekuwa dereva wa lori huko Kahama, amfundishe kazi. Alimfundisha vizuri. Siku moja, wakila kwa mama lishe, Enock akamwuliza, "Mama Limi, hii laki tano wewe inakutosha kweli? Mimi inaishia kwenye kodi."

Noela akaacha kula. Yeye alilipwa laki tatu na nusu.

Asubuhi iliyofuata aliingia kwa meneja wao, Mzee Benedict.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Limi. Kuna tatizo?"

"Nataka kujua kwa nini ninayemfundisha ananizidi mshahara."

Benedict akavua miwani. "Enock nilimtajia laki tatu na nusu, akakataa. Wewe hujawahi kuomba. Halafu ulikwenda kujifungua mara mbili, na kila uliporudi uliandikwa mfanyakazi mpya, kwa mshahara wa kuanzia. Akina mama wote tunawafanyia hivyo. Na Enock ana familia."

"Hata mimi nina familia, mzee. Na nilirudi kwenye mashine ileile. Nilikuwa nimesahau nini?"

Benedict akavaa tena miwani. Akasema atalifikiria.

Noela alitoka akiwa amejikasirikia kwa kukaa kimya miaka yote hiyo. Mchana akawauliza Suzana na Agnetha, waliochambua mawe hapohapo, kama nao walifanyiwa hivyo. Suzana alikuwa ameanza upya mara tatu. Wakamwandikia Benedict barua ya kudai mishahara na miaka yao. Enock alipoisikia, akaja mwenyewe.

"Andikeni na mshahara wangu. Mkiulizwa mmeujuaje, semeni nimewaambia mimi."

Baada ya wiki mbili Benedict akawaita. Noela angelipwa sawa na Enock, na miaka ya wote watatu ingehesabiwa tangu siku ya kwanza ya kazi. Fedha za miaka iliyopita, alisema, hazipo. Suzana akasonya. Noela aliiona miaka yake ikipita hivyo hivyo, akakubali.

Agnetha, mwenye mimba ya miezi mitano, hakuinuka kitini.

"Naomba hilo la kutuanzisha upya liandikwe kwamba limekwisha," alisema taratibu.

Benedict akamtazama, akavuta karatasi, akaandika, kisha akagonga mhuri.