Nane Kati ya Kumi

Shemeji yangu ni fundi wa miwani, lakini ukimsikiliza utadhani Mungu alimpa masikio tu. Mchana kutwa anapima macho ya watu, akirudi nyumbani anapima sauti. Sebule yake ya chini ameigeuza ukumbi wa sinema: spika saba zimezunguka kochi moja, ya nane, ile ya besi, imekaa kona na ukubwa wa jokofu dogo, na dirisha limezibwa kwa blanketi zito. Dada yangu, mkewe, hupokea wageni jikoni.

Maneno yalianza mama alipoteleza bafuni kwake na kuumia goti. Dada alimchukua akamlaza chumba cha juu, maana chini hapakuwa na chumba kingine zaidi ya hiyo sebule. Ngazi ni kumi na nne. Kupanda, mama hupanda kwa kushika ukuta. Kushuka, hushuka amekaa, ngazi moja baada ya nyingine, na hataki kusaidiwa. Daktari alisema asizikanyage kabisa. Kwa hiyo ama sebule iwe chumba cha mama, ama mama aje kwangu, kwa sababu alituzaa wawili tu.

Nilisema kwangu hakuna nafasi. Nyumba yangu haina ngazi, ina vyumba viwili na naishi peke yangu, lakini kile cha nyuma, nilisema, kimejaa vyombo vya kazi. Mimi ni fundi wa sauti kwenye kumbi za mikutano. Na kweli chumba kiliwahi kujaa. Tangu mwaka jana vyombo vyote vipo stoo ya kazini, na chumbani kumebaki meza ya kupigia pasi na hewa safi. Si kwamba simpendi mama. Nampenda. Ila nimezoea kula nimesimama jikoni bila kuulizwa natoka wapi, na sikutaka kuacha.

Shemeji naye hakutaka kuachia sebule. Dada alimwambia anunue ile spika moja ndefu ya kulaza chini ya televisheni, aiweke chumbani kwao, aangalie filamu zake huko. Shemeji akaanza somo ambalo sote tulikuwa tunalijua kwa moyo. Diski ya filamu, alisema, hubeba sauti za aina mbili. Moja ni kamili: kila kilichotoka studio kimo, hakijapunguzwa hata chembe. Nyingine imebanwa: mafundi wameondoa vile wanavyoamini sikio halitagundua vimeondoka, ili ichukue nafasi ndogo. Spika ndefu ya dada ingempa ile iliyobanwa, na kwake hiyo ni chai ya majani yaliyokwisha kuchemshwa jana.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Basi thibitisha," akasema. "Tukufunge macho. Ukitaja ipi ni ipi mara nane kati ya kumi, sebule yako, na mama ataenda kwa huyu ndugu yangu, naye atajua mwenyewe pa kuhamishia vyombo vyake. Ukishindwa, spika zinafunguliwa siku hiyo hiyo."

Shemeji alikubali hata chai hajamaliza. Mimi nikafanywa msimamizi, kwa kuwa ndimi mwenye kipima sauti na ndimi mwenye kazi hiyo. Hakuna aliyeuliza kama msimamizi ana lake jambo.

Tulifanya Jumamosi saa nane mchana. Mama alianza kushuka ngazi saa saba na nusu ili asikose. Tulimwekea kiti cha mezani karibu na mlango, akakaa na mkongojo katikati ya magoti, akaniuliza ni mtihani wa nini. Nilipomweleza, alisema mkwe wake ni mtu mzuri, Mungu amfanyie wepesi. Sidhani kama alielewa kwamba mtihani ulikuwa wake yeye. Au alielewa.

Dada alifunika kioo cha amplifaya kwa taulo la jikoni, maana kile kioo huandika aina ya sauti inayopiga, na taulo la pili akamfunga nalo mumewe macho. Shemeji akasema sasa anauziwa mbuzi kwenye gunia, ila yeye mbuzi anamjua kwa mlio. Nilichagua dakika mbili za filamu moja: mvua inapiga bati, mlango unafunguliwa upande wa kulia, mtu anatembea nyuma ya kochi. Kila mara nilirusha sarafu, nikabonyeza rimoti, nikasubiri.

"Kamili," alisema. Kisha: "Imebanwa." Kisha: "Imebanwa tena."

Hakukosea hata moja. Ilipofika ya kumi dada alikuwa ameshakaa sakafuni, mgongo ukutani. Shemeji alivua taulo na kutabasamu bila kiburi, jambo lililonishangaza, akamwambia mkewe kwamba hakutaka kumshinda, alitaka tu aaminike.

Sasa niseme la kwangu. Kipima sauti kilikuwa mapajani mwangu muda wote, na tangu mara ya tatu nilikuwa nimeona kitu. Ile sauti iliyobanwa ilikuwa inatoka chini kidogo, kwa desibeli tatu. Diski nyingi ziko hivyo, si kosa la mtu. Lakini ina maana shemeji hakuwa anasikia kilichoondolewa. Alikuwa anasikia ipi iko juu na ipi iko chini, na sikio la binadamu, lipe sauti mbili zinazofanana, litasifu ile ya juu. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi yetu. Nilipaswa kuzilinganisha kabla ya kuanza. Angelisahau mtu ninayemfundisha kazi, ningemrudisha nyumbani.

Na nilipoliona, nilinyamaza. Nilidhani atakosea mwenyewe. Alipofikisha kumi, na dada akanigeukia kunitazama, ndipo uaminifu uliponijia, tena mbio. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nilisema jaribio halikuwa la haki, nikaeleza habari za desibeli tatu, na kila neno nililosema lilikuwa la kweli.

Shemeji angeweza kukataa. Alikuwa ameshashinda. Badala yake aliomba akione kipimo, akavaa miwani, akasoma namba za sauti zote mbili mara mbili mbili. Ni mtu wa vipimo, hilo siwezi kumnyima.

"Weka sawa," akasema. "Turudie."

Nikaweka sawa, dada akamfunga tena taulo. Kila nilipobadilisha sauti nilipandisha au nikashusha, kipimo kikabaki palepale. Safari hii hakujibu haraka. Aliomba kurudiwa, akaomba tena, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akauliza kama nina hakika nimebadilisha. Mvua ikapiga bati, mlango ukafunguliwa, mtu akapita nyuma yetu. Mara ya saba aliomba arudiwe hadi mama akakohoa. Alipata tano. Sarafu yangu nayo, ingeulizwa, ingepata tano.

Alikaa na taulo mkononi.

"Miaka sita yote nimekuwa nikisikia nini?" aliniuliza.

Nilimwambia alikuwa anasikia sauti nzuri, kwamba zote mbili ni nzuri. Ilikuwa kweli na haikumsaidia kitu. Alienda kabatini akachukua bisibisi, akapanda kiti, akaanza kufungua spika ya nyuma, ya kushoto. Dada, aliyeshinda, hakuwa na furaha ya mshindi. Alisimama chini yake akimshikia waya, akamwambia hakuna haraka, wanaweza kungoja hadi kesho. Shemeji alisema ahadi ni deni. Kisha akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, spika nane zitakwenda wapi, maana juu hazienei na kuziuza hataki.

Nilimhurumia. Na niseme ukweli wote: spika zile nimezitamani tangu siku ya kwanza aliponiita nimsaidie kuzifunga.

"Zilete kwangu," nikasema. "Chumba cha nyuma kiko wazi. Zitaenea zote."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa wiki tano, na niliimaliza mwenyewe huku nikipanga kichwani ile ya besi ikae upande gani. Dada aliachia waya. Shemeji alibaki juu ya kiti, bisibisi hewani. Sikuwa na pa kutazama, nikatazama kipimo mapajani. Kilisoma thelathini na moja, yaani kimya.

"Kiko wazi tangu lini?" mama akauliza. Hakupandisha sauti.

"Tangu mwaka jana."

Aliitikia kwa kichwa. Niliona haya mpaka nikahisi joto masikioni. Mama alimgeukia shemeji, akamwambia arudishe spika mahali pake. Shemeji akasema hapana, mama, nimeshindwa kihalali, chumba ni chako. Mama akasema amesikia, alikuwa amekaa hapohapo.

"Lakini mimi sikuzaa fundi wa miwani," akasema. "Nilimzaa huyu." Akaninyooshea mkongojo.

Dada aliokota waya. Shemeji alianza kukaza skrubu alizokuwa amelegeza, taratibu, bila kumtazama mtu. Mama aliniuliza kesho nitaleta gari saa ngapi. Nilisema saa nne.

"Njoo saa mbili," akasema. "Nitakuwa nimeshashuka."