Mchango wa Kubonyeza

Tovuti yangu ya mashairi ilikuwa na msomaji mmoja mwaminifu, naye ni mimi. Nilijifundisha mizani na vina peke yangu, chumbani kwetu Kangemi, na sikuona mtu Nairobi nzima wa kunifikia. Basi nikaiomba kampuni moja iweke matangazo yake kando ya beti zangu, ikakubali. Msomaji akivutiwa na tangazo na kulifungua, mimi napata senti zangu. Kilichobaki ni wasomaji.

Mama, ambaye sokoni anajulikana kama Waceke wa sukuma kwa mboga anazouza, alinipa muda hadi Krismasi. Mjomba Ndungu alikuwa ameniwekea kazi ya kutunza jengo la ghorofa Kileleshwa: kufagia ngazi, kufungulia maji, kuamua ugomvi wa wapangaji wanaogombania pa kuegesha magari. Siku nyingine nilikuwa nakunja kadi za harusi dukani kwa Mahesh, mjini, lakini hiyo ilikuwa kazi ya msimu. Tukakubaliana kwamba tovuti isipolipa kabla ya Krismasi, nitaacha ushairi niende Kileleshwa. Nilikubali haraka, maana sikuwa na nia ya kushindwa.

Mwezi wa Oktoba mapato yakapanda ghafla. Nilicheza koridoni mpaka jirani akauliza kama nimepata viza. Nikamwambia mama kwamba dunia imeamka. Akatabasamu tu, tabasamu la mtu anayejua kitu.

Wiki hiyohiyo kampuni ikafunga akaunti yangu. Walisema matangazo yamebonyezwa kwa hila: watu walewale, wa mtaa mmoja, wakibonyeza mfululizo bila kusoma chochote. Nilimsomea mama ujumbe huo nikiapa kwamba kuna mshairi mwenye wivu anayetaka kunimaliza. Mama, aliyekuwa akikatakata sukuma, akaweka kisu chini.

"Si mshairi," akasema. "Ni chama."

Kumbe chama chake, wanawake wa sokoni wanaokutana kila Jumapili baada ya kanisa, walikuwa wakimaliza kuchanga pesa zao wanatoa simu na kunichangia mimi. Mwenyekiti, Mama Peres, anaita jina, mwenye jina anasimama, anabonyeza matangazo yote, wenzake wanampigia makofi. Harambee kamili. Mmoja aliyekosa kufika alituma binti yake ambonyezee.

Jumapili iliyofuata nilienda kwenye chama, nyumbani kwa Mama Peres, nikiwa moto. Niliwaeleza kwamba mwenye tangazo hulipa akitarajia mnunuzi, kwa hiyo walichofanya ni kumlia mtu pesa zake kwa jina langu. Wengine wakainamisha vichwa. Hapo ningeondoka nikiwa mshindi, lakini nikauliza ni nani kati yao aliyesoma angalau ubeti mmoja.

"Tulijaribu, mwanangu," akasema Mama Peres. "Lakini unaandika juu yako wewe. Ubeti wa kwanza, Kibe yuko juu ya mlima. Ubeti wa pili, mlima unamshukuru Kibe."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Masikio yaliniwaka. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango mama aliponiita. Yeye hakuwa amecheka.

Alinikumbusha kwamba Jumamosi inayokuja ni ruracio, sherehe ya kupokea mahari, ya dada yangu Ciru, nyumbani kwa Mjomba Ndungu kule Kinoo. Wageni wataimba langoni na wenyeji watawakatalia kwa nyimbo, kama desturi. Ila mchumba wa Ciru, Kivuva, ni Mkamba wa Machakos, na ukoo wake hauelewi Kikuyu hata kidogo.

"Tukiwatukana kwa Kikuyu watadhani tunawakaribisha," mama akasema. "Tuandikie kwa Kiswahili."

Niliandika wiki nzima. Niliiandikia pia ile kampuni, nikaeleza habari za chama bila kuficha kitu, na wanawake wakaahidi kutogusa matangazo tena. Ijumaa kampuni ikanifungulia akaunti, baada ya kufuta mapato yote ya harambee. Nikaanza upya, mfuko mtupu.

Jumamosi wanawake walisimama nyuma ya lango la Mjomba, simu mkononi, wakiimba kutoka kwenye tovuti yangu:

*Hodi zenu twasikia, nyuso hatuzitambui,*
*Suti mlizojitia, hata pasi hazijui,*
*Mwana mnayemjia, kwa mbuzi hamchukui,*
*Imbeni, twawasikia, lango hatulifungui.*

Huko nje kikapasuka kicheko kikubwa. Wakajaribu kujibu, wakakwama. Ndipo shangazi yake Kivuva, mwanamke mrefu aitwaye Kaindi, akachungulia juu ya lango.

"Huyo mshairi wenu yuko wapi?" akauliza. "Na sisi ni watu. Atuandikie."

Ningewezaje kukataa? Niliketi juu ya kreti ya soda, nikaandika, nikaweka kwenye tovuti palepale. Muda si muda lango likatikisika kwa sauti za Machakos:

*Suti mnazozomea, zimepigwa pasi ndani,*
*Chai inawapolea, fungueni, majirani.*

Mama akanigeukia, mikono kiunoni. "Kibe, wewe uko upande gani?"

"Wa vina, Mama."

Yakaendelea hivyo, mimi nikijitukana na kujijibu, mpaka wapishi wakalalamika na lango likafunguliwa. Mtu alikuwa amerekodi yote. Kufikia Jumatatu video ilikuwa imezunguka, na watu wakaja kwenye tovuti kutafuta maneno: Mluhya anayeoa Mmeru, Mkisii anayeolewa Kiambu, hata Riddhi, binti ya Mahesh, aliyetaka beti za mashemeji wanapomficha bwana harusi viatu, desturi ya harusi za kwao. Nikawaandikia wote. Na kwa kuwa walikuwa na sherehe za kupanga, matangazo ya keki na mahema waliyafungua kwa haja zao wenyewe.

Kabla ya Krismasi kampuni ikanilipa. Mama aliitazama simu yangu, akaisoma tena, kisha akatoka koridoni kumpigia Mjomba Ndungu, kwa sauti ya kufikia majirani wote.

"Tafuta mwingine wa Kileleshwa," nikamsikia. "Wangu ameshaajiriwa. Na zile beti unazotaka za binti yako, Ndungu, upange foleni kama wenzako."